Mwenyekiti anataka u-admini: nani apewe ruhusa gani kwenye hifadhi ya data ya AMCOS?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ya tumbaku wilayani Urambo. Mwaka jana tulinunua kisanduku cha kuhifadhi data cha Synology chenye diski mbili, kimeunganishwa na kompyuta nne za ofisini. Ndani kuna rejista ya wanachama, mapokezi ya tumbaku, mikopo ya pembejeo, malipo na mishahara. Fundi aliyetufungia alituachia akaunti moja inayoitwa admin, na neno lake la siri tunalijua watu saba. Mwezi uliopita nilikuta kilo za wakulima wawili kwenye faili la mapokezi hazilingani na stakabadhi za mizani. Bodi imemsimamisha karani wa mizani ingawa hakuna aliyemwona akibadili kitu. Sasa nimeagizwa nimfungulie kila mtu akaunti yake. Mwenyekiti anasema yeye ndiye apewe u-admini, yaani akaunti kuu ya kuendesha kisanduku, kwa sababu ndiye mkubwa wa chama. Meneja naye anautaka. Nigawe vipi bila kumvunjia mtu heshima na bila kuharibu kazi?

Jibu: Marahaba mwanangu.

Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonigusa kuliko suala la mwenyekiti ni huyo karani. Niruhusu nianze naye, kisha tutafika kwenye akaunti.

Watu saba wakitumia akaunti moja, kisanduku kinamwona mtu mmoja tu. Kwenye kumbukumbu za matukio ni admin asubuhi, admin mchana, admin saa mbili usiku. Kinachoweza kusaidia kidogo ni anwani ya IP, nayo inataja kompyuta iliyotumika, haimtaji aliyekuwa amekaa kwenye kiti. Na katika ofisi zetu kompyuta ya mizani hukaliwa na yeyote aliyeikuta wazi. Kwa hiyo karani wenu hana njia ya kuonyesha kwamba hakufanya, na bodi haina njia ya kuonyesha kwamba alifanya. Mbele ya faili hilo wote saba mko sawasawa, wewe ukiwemo.

Miaka ya nyuma, nikifanya kazi za ufundi hapa Tabora mjini, niliitwa kwenye ofisi moja ambako folda nzima ya hati za malipo ilikuwa imepotea. Akaunti ilikuwa moja, watumiaji wanne. Binti wa masijala, mgeni kuliko wote, ndiye aliyeonyeshwa mlango. Wiki chache baadaye nikiwa nahudumia kompyuta nyingine mle ndani, nikaikuta ile folda iko ndani ya folda ya jirani yake. Mtu aliiburuta kwa kipanya bila kujua. Haikuwahi kufutwa. Yule binti alikwisha rudi kwao, na hakuna aliyetoka kwenda kumtafuta. Tangu siku ile, ninapogawa ruhusa, mwizi simfikirii kwanza. Namfikiria asiye na kosa: siku ya mashaka ikifika, awe na kitu cha kumsemea.

Basi kabla hujagusa mpangilio wowote, lichukue faili la mapokezi kama lilivyo, linakili kwenye flashi, na flashi hiyo ifungiwe kwenye kasiki. Kisha fungua sifa za faili ndani ya Excel uone ni jina gani lililolihifadhi mara ya mwisho na saa ngapi. Jina hilo hutoka kwenye programu ya kompyuta husika, kwa hiyo lisikufanye umhukumu mtu, lakini saa inaweza kukwambia jambo. Baada ya hapo kaa na stakabadhi za mizani za wiki nzima, siyo za wale wawili tu, uzilinganishe moja baada ya nyingine.

Unatafuta alama mbili. Ya kwanza unaijua kama mhasibu: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, mara nyingi tarakimu zimegeuzwa, mtu aliandika 78 badala ya 87. Ya pili wengi huisahau. Jumlisha safu nzima ya kilo. Ikiwa jumla ya faili ni ileile ya stakabadhi, lakini kilo zimekaa kwa majina yasiyo yake, basi kuna aliyepanga safu ya majina kwa alfabeti akaiacha safu ya kilo mahali pake. Hilo kwenye Excel hufanyika kwa kubofya mara mbili, na anayelifanya huondoka akiamini ameweka mambo vizuri. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwenu. Nasema bodi haikupaswa kumsimamisha mtu kabla ya kulitazama hilo.

Sasa tuje kwenye ugawaji. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni ambayo mpaka leo kila mfumo makini umeegemea hapo: kila mtumiaji na kila programu ifanye kazi kwa kiwango kidogo kabisa cha ruhusa kinachotosha kuikamilisha kazi yake. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wakaipa njia ya utekelezaji: ruhusa usimpe mtu, ipe kazi, halafu mtu mweke kwenye kazi. Karani akihama, unamtoa kwenye kundi la makarani na ruhusa zote za ukarani zinabaki nyuma yake. Hulazimiki kukumbuka ulimfungulia nini na nini miaka miwili iliyopita.

Kwa hiyo usianze kwenye skrini, anza kwenye karatasi, na karatasi hiyo isiwe na majina ya watu. Chukua mtumba mmoja wa tumbaku, yaani robota lililofungwa tayari kwa soko, uufuate.

Asubuhi ya soko mtumba unapanda mizani. Mteuzi anataja daraja. Karani anaandika namba ya mtumba, kilo, daraja na namba ya mwanachama. Hapo tarakimu ndiyo inazaliwa, na karani ndiye mwandishi wake wa kwanza. Jioni mtu mwingine anahakiki kwamba siku imefungwa sawa na stakabadhi. Kesho yake mhasibu anaichukua ile kilo, anaizidisha kwa bei ya daraja lake, anakata mkopo wa pembejeo, anaandaa orodha ya malipo. Meneja anaidhinisha. Bodi inapokea taarifa. Miezi kadhaa baadaye mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, anaifuata njia hiyohiyo kwa kurudi nyuma, toka kwenye malipo mpaka kwenye mizani.

Kwenye njia hiyo, kila unapokutana na mtu, uliza kitenzi chake: anaandika, anasoma, anahakiki, au anaidhinisha? Utaona mambo mawili ambayo huenda hayakupendezi. Kwanza, mhasibu hapaswi kuandika kwenye mapokezi. Unahitaji kuyasoma tu. Anayekokotoa malipo akiwa na uwezo wa kubadili kilo, hata kama ni malaika, mkulima hana ulinzi. Pili, mwenyekiti hagusi tarakimu mahali popote kwenye safari ile. Hilo tutalirudia.

Ukishamaliza karatasi, nenda kwenye kisanduku ufungue folda za pamoja zinazojitegemea: Wanachama, Mapokezi, Mapokezi Yaliyofungwa, Fedha, Mishahara, na Taarifa za Bodi. Nasema zinazojitegemea kwa makusudi. Wapo wanaofungua folda moja kubwa ya Ofisi, kisha wanaanza kugawa ruhusa kwa folda ndogo zilizo ndani ya folda ndogo. Mfumo unakubali, ila ruhusa hurithiwa kutoka juu kwenda chini, na baada ya mwaka mmoja hakuna mtu ofisini anayeweza kueleza kwa nini fulani anaona kitu fulani. Kama jambo linahitaji ulinzi wake, lipe folda yake.

Kisha fungua makundi: mizani, uhasibu, menejimenti, bodi, wakaguzi. Kundi la mizani lipate kusoma na kuandika kwenye Mapokezi, na kusoma tu kwenye Mapokezi Yaliyofungwa. Uhasibu usome yote mawili, uandike kwenye Fedha na Mishahara. Menejimenti iandike kwenye Wanachama, Mapokezi na Mapokezi Yaliyofungwa, isome Fedha.

Utaniuliza kwa nini rejista ya wanachama nimekunyima kuiandika. Rejista ile ina namba za akaunti za benki na namba za simu zinazopokea malipo. Anayeandaa orodha ya malipo asiwe ndiye anayeweza kubadili namba ya akaunti ambako fedha inakwenda. Hata kama chama ni kidogo na watu ni wachache, pengo hilo lilinde kuliko mengine yote. Mabadiliko ya namba yaandikwe na ofisi ya meneja kwa fomu iliyosainiwa na mwanachama mwenyewe, wewe usome.

Na karani wa mizani haihitaji rejista hiyo kabisa. Anachotaka ni jina na namba ya uanachama. Mtengenezee orodha fupi yenye vitu hivyo viwili, uiweke ndani ya Mapokezi. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi nchini, na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), simu na akaunti ya mkulima ni taarifa binafsi ambazo chama chenu kimekabidhiwa kuzitunza. Kuziacha wazi kwa kila anayekaa kwenye kompyuta ya mizani ni kosa hata kama hakuna aliyeziiba.

Kwenye Synology kuna mtego ambao umewatesa wengi. Ukifungua ukurasa wa ruhusa za folda utaona visanduku vitatu vya kuweka alama: hakuna ruhusa, kusoma na kuandika, kusoma tu. Mtu akiwa kwenye makundi mawili, mfumo hupanga nguvu kwa mtiririko huo huo: hakuna ruhusa hushinda vyote, kisha kusoma na kuandika, mwisho kusoma tu. Sasa, kila mtumiaji wa kisanduku, pamoja na msimamizi, ni mwanachama wa kundi la msingi linaloitwa users. Ukitaka kuificha folda ya Mishahara ukaweka alama ya hakuna ruhusa kwa kundi hilo, umewafungia nje wote, na wewe mwenyewe umebaki mlangoni. Usiweke alama yoyote hapo. Asiyepewa alama hana ruhusa, inatosha. Na aliyepewa kupitia kundi lake ataingia. Ile alama ya hakuna ruhusa itunze kwa siku ya dharura, unapotaka kumzuia mtu mmoja haraka.

Mtiririko huo una matokeo mengine. Karani akienda likizo ukaingizwa kwenye kundi la mizani umshikie kazi, ruhusa yako ya kusoma Mapokezi inageuka ya kuandika, kwa kuwa kuandika kunashinda kusoma. Siku anaporudi lazima utolewe, na tarehe ya kuingia na kutoka iandikwe kwenye daftari. Siku mkihamia kwenye seva ya Windows jueni kwamba kule kuna tabaka mbili, ruhusa za folda ya pamoja na ruhusa za diski yenyewe, na mtu hupata ile iliyo finyu zaidi. Tena kule mtu akiongezwa kwenye kundi, haoni tofauti mpaka atoke kwenye akaunti yake aingie upya. Wengi hudhani wamekosea kumbe ni hilo tu.

Nisikufiche mpaka wa haya yote. Ruhusa za folda hulinda faili, hazilindi mstari ndani ya faili. Karani akiruhusiwa kuandika kwenye faili la mapokezi, anaweza kuandika leo na anaweza kurekebisha ya juzi. Excel haikuumbwa kuwa daftari la mizani, lakini ndiyo mliyo nayo, basi tuitumie kwa nidhamu. Kila siku ya soko iwe na faili lake, jina lianze na tarehe. Jioni karani anachapa, anasaini, anampa meneja pamoja na stakabadhi. Meneja akiridhika analihamishia faili la siku hiyo kwenye Mapokezi Yaliyofungwa, ambako karani anasoma tu na wewe unasoma tu. Kosa likigundulika baadaye, halirekebishwi kwa kufuta tarakimu ya zamani. Linaandikwa kwenye hati ya marekebisho: tarehe, namba ya mtumba, kilo ya awali, kilo sahihi, sababu, saini mbili. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ninachoongeza mimi ni kwamba daftari linalofutika kimyakimya halijatimiza kazi ya daftari.

Kuna jambo la kompyuta zenyewe ambalo likiachwa, kazi yote hii inakuwa bure. Windows hukumbuka jina na neno la siri la kisanduku mara ya kwanza mtu anapoweka alama ya kukumbuka. Hivyo hata ukifungua akaunti saba mpya, kompyuta ya mizani itaendelea kuingia kwa ile admin ya zamani bila kuuliza mtu. Na mtu wa pili akikaa kwenye kompyuta ileile bila wa kwanza kutoka, atafanya kazi kwa jina la wa kwanza, kwa sababu Windows haikubali majina mawili kwenye seva moja kwa wakati mmoja ndani ya kikao kimoja. Fungua sehemu ya Windows inayotunza majina na maneno ya siri, futa kila kinachohusu kisanduku, kwa kila kompyuta. Kisha kila mtu awe na akaunti yake ya Windows kwenye kompyuta anayoitumia, na skrini ijifunge ikikaa dakika tano bila kuguswa. Watalalamika wiki ya kwanza. Waeleze habari ya karani, watakuelewa.

Sasa u-admini.

Neno hili linawachanganya watu kwa sababu linasikika kama cheo. Kwenye kisanduku, msimamizi ni anayefungua na kufunga akaunti, anayebadili mpangilio, anayesasisha programu. Hata ukimnyima folda ya Mishahara, anaweza kujipa mwenyewe. Anaweza pia kufuta kumbukumbu za matukio. Ndiyo maana mtu mwenye maslahi ndani ya tarakimu hafai kuwa nayo kama akaunti ya kila siku: mwenyekiti hafai, meneja hafai, na wewe mhasibu, mwanangu, hufai kuliko wote wawili. Najua umeagizwa ufanye kazi hii, na pengine unajua kompyuta kuliko wengine hapo ofisini. Ifanye, ikamilishe, kisha uikabidhi. Kwa faida yako mwenyewe. Siku fedha ikipotea, swali la kwanza la mkaguzi litakuwa ni nani alikuwa na uwezo wa kufanya na kuficha, na jina lako lisiwe jibu.

Ninachopendekeza kwa chama cha ukubwa wenu ni hiki. Fungua akaunti mpya ya msimamizi yenye jina lisilobahatishika kirahisi, uiweke kwenye kundi la administrators, uiwekee neno la siri refu na uthibitisho wa hatua mbili. Ukihakikisha inaingia, zima ile ya zamani inayoitwa admin, maana hilo ndilo jina la kwanza ambalo kila mdukuzi hujaribu. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha, bahasha isainiwe juu ya gundi na watu wawili, iingie kwenye kasiki. Ikifunguliwa, wawili wawepo, sababu iandikwe, na kazi ikiisha neno la siri libadilishwe na bahasha mpya ifungwe. Kama mna fundi wa nje, afanye kazi mbele ya mmoja wao. Mambo yanayohitaji u-admini kwa kweli ni machache sana ndani ya mwezi.

Kwa mwenyekiti, usiende na lugha ya kompyuta, nenda na kitabu cha hundi. Mwambie: Mzee, kwenye hundi wewe ni mtia saini, lakini hujawahi kuandika daftari la fedha taslimu, na hilo halijakupunguzia heshima, ndilo linalokupa nguvu ya kuuliza. Kazi yako ni kusimamia, na anayesimamia anahitaji kuona. Kisha mpe kitu cha kuona kilicho kizito kweli: kila mwisho wa mwezi apokee taarifa iliyochapwa yenye orodha ya akaunti zote, nani yuko kundi gani, nani ameongezwa au kutolewa, bahasha imefunguliwa mara ngapi, na mafaili gani yamefutwa na nani. Aisaini mbele ya bodi. Wazee niliowaeleza hivi, wengi waliacha kuudai u-admini palepale, kwa sababu walichokuwa wanakihofia ni kufichwa, na sasa wameona hawafichwi.

Ili taarifa hiyo iwe na kitu ndani, kuna mahali lazima uwashe mwenyewe. Synology huandika nani ameingia, lakini haiandiki nani alifungua, alibadili au alifuta faili gani kupitia mtandao wa ofisi mpaka uende kwenye huduma za mafaili, sehemu ya SMB (njia ambayo kompyuta za Windows hufikia folda za kisanduku), uwashe kumbukumbu za uhamishaji. Nimekuta visanduku vingi mno ambavyo havijawashwa, na siku ya tatizo mwenye ofisi anafungua kumbukumbu anakuta pametupu. Washa leo hii, hata kabla ya akaunti mpya. Na saa ya kisanduku iwe sahihi, la sivyo ushahidi wako utasema karani alifanya kazi saa tisa usiku.

Makarani wa msimu na wakaguzi ni rahisi. Mfumo unakuruhusu kuiwekea akaunti tarehe ya kujizima yenyewe. Weka siku ya mwisho ya mkataba au ya ukaguzi. Mkaguzi apewe kusoma tu, kila mahali anapohitaji. Mtu akiacha kazi, akaunti izimwe siku hiyohiyo kabla ya kukabidhi funguo za ofisi, lakini isifutwe, ili jina lake libaki likisomeka kwenye kumbukumbu za zamani.

Kuna sababu nyingine ya kubana ruhusa, na hii haihusu uaminifu wa mtu. Mwezi Agosti 2014 programu ya kuteka data iliyoitwa SynoLocker iliingia kwenye visanduku vya Synology vilivyokuwa wazi kwenye intaneti vikiwa na programu ya zamani, ikafunga mafaili ya watu na kudai fedha. Januari 2022 nyingine, DeadBolt, ikawafanyia hivyo wenye visanduku vya QNAP. Kwa hiyo kisanduku chenu kisifunguliwe kwenye intaneti kupitia rauta, na kisasishwe. Lakini virusi vya namna hii huingia pia kwa barua pepe kwenye kompyuta ya kawaida, na hapo huvuka kwenda kwenye kisanduku kwa jina la aliyekaa. Vinaweza kuharibu kile tu ambacho mtu huyo anaruhusiwa kukiandika. Karani akibofya kiambatisho kibaya akiwa na akaunti ya karani, mmepoteza mapokezi ya leo. Akibofya akiwa ndani ya admin, mmepoteza chama.

Diski mbili zinazoandika kitu kimoja haziwaokoi hapo. Kikiharibika kwenye ya kwanza, kimeharibika kwenye ya pili sekunde hiyohiyo. Kama kisanduku chenu kilifungwa kwa mfumo wa mafaili wa Btrfs, washa snapshoti kwa kila folda: ni picha ya folda jinsi ilivyokuwa saa fulani, ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi kuibadili. Saa kwa saa siku za soko, mara moja kwa siku zisizo za soko. Halafu diski ya nje kwa nakala ya kila wiki, itolewe na kutunzwa nje ya ofisi.

Ukimaliza yote, usiamini skrini ya mpangilio. Kaa kwenye kompyuta ya mizani, ingia kama karani, ujaribu kwa makusudi kufungua Mishahara. Jaribu kufuta faili ndani ya Mapokezi Yaliyofungwa. Ingia kama mwenyekiti ujaribu kubadili tarakimu moja kwenye Fedha. Kila unapokataliwa, andika tarehe. Kila unapokubaliwa mahali usipotarajia, rudi ukatafute kundi gani limempa. Zoezi hili lirudiwe kabla ya masoko kufunguliwa na baada ya kufungwa, kila msimu.

Namalizia na karani. Iombe bodi kwa maandishi kwamba ulinganishaji wa stakabadhi ufanyike yeye akiwepo, mmekaa meza moja, yeye anasoma namba ya mtumba na kilo, wewe unatazama faili, mtu wa tatu anaandika. Kama ni tarakimu zilizogeuzwa au safu iliyopangwa vibaya, mtaliona siku hiyohiyo, wakulima wale wawili watalipwa kilo zao, na yeye asainiwe barua ya kurudi kazini. Kama haijulikani, barua iseme hivyo hivyo, kwamba akaunti ilikuwa ya watu saba na aliyefanya hajulikani. Na akirudi, akaunti ya kwanza kuifungua kwenye mfumo mpya iwe ya kwake, aweke neno la siri yeye mwenyewe, wewe ukiwa umegeukia dirishani.